Mkataba wa kijana wa mlimani

Kijana anayetunza farasi wa watalii kule Siha, na mpagazi anayesubiri jina lake litajwe katika lango la Machame, mara nyingi huajiriwa kwa neno la mdomo tu. Safari ikiisha na malipo yakapungua, huamini hawana pa kudai.

Wanapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi tangu anapoanza. Likizuka shauri na mwajiri akashindwa kuyaonyesha, jukumu la kuthibitisha masharti hayo ni lake, si la kijana. Laiti kila mpagazi angelijua hilo! Wengi hunyamaza wakidhani bila karatasi hakuna kesi. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea madai yao, ila wasichelewe: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, 60 kwa madai mengine.

Sheria hiyo hiyo pia haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari.

Malangoni mizigo ya wapagazi hupimwa, kikomo kilo 20. Maafisa kazi nao wafike hapo msimu huu wa watalii, waulize mikataba kabla safari hazijaanza.