Mbu Walioizoea Sumu

Mkazi wa Ntinda atundikapo chandarua jioni huamini kwamba dawa iliyomo itamuua mbu. Lakini mbu wengi wa Uganda wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi: miili yao huivunja sumu kabla haijawadhuru. Katika ugawaji wa mwaka 2017 na 2018, vyandarua vya kawaida vililinganishwa na vile vilivyoongezwa kemikali ya PBO, izuiayo uvunjaji huo. Penye vyandarua hivyo vipya, watoto wenye vimelea vya malaria walipungua zaidi. Basi, chandarua kisitupwe. Kisipotoboka, bado ni ukuta. Na wenye dhamana ya kununua vyandarua wasitazame bei peke yake, kwani unafuu wa leo waweza kulipiwa hospitalini kesho.