Mto wa Jana Sio Mto wa Leo
Maneno kwa wazazi, walimu na vijana wa Angurai



Mtu aliyekulia Angurai hasahau mahali alipojifunza kuogelea. Wako waliolelewa na mto Malaba, ambao huko juu huitwa Lwakhakha na ambao ni mpaka wa Kenya na Uganda. Wako na waliolelewa na mto Malakisi. Mito hii miwili hutoka mlima Elgon, hukutana, na maji yake hupita Uganda mpaka ziwa Kyoga. Desturi ya kuogelea ilikuwa moja. Ng'ombe wakiisha kunyweshwa, wavulana waliziacha nguo ukingoni wakajitupa majini. Mwalimu hakuwapo. Mkubwa alimwonyesha mdogo penye kina na penye mchanga, na mdogo alipokua alimwonyesha aliyemfuata.

Elimu hiyo haifai kudharauliwa. Lakini ilitegemea jambo moja, yaani kwamba mahali palipokuwa na maji ya magoti mwaka jana patakuwa na maji ya magoti mwaka huu. Siku hizi jambo hilo haliaminiki.

Kwanza, mchanga. Miji ya Malaba na Busia imekua, na kila nyumba ya saruji yataka mchanga. Mchanga ukichotwa mtoni huacha shimo, na maji yakiwa na rangi ya udongo shimo hilo halionekani. Mtoto hukanyaga mahali alipopazoea, akakosa pa kukanyaga. Pili, kingo. Miti ikikatwa na shamba likalimwa mpaka majini, mvua hubomoa ukingo, na mto hubadili njia yake. Tatu, mlima wenyewe. Mvua kubwa yaweza kunyesha Elgon hali Angurai jua linawaka, na maji yakafika ghafula kwa watoto wasioona hata wingu moja.

Wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Leo inafaa kuongeza kwamba hata maji uliyoyafika mwaka jana hujui wingi wake.

Hatari hii si ya Angurai peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji.

Tena liko jambo la kichocho. Mdudu wa ugonjwa huu hukaa ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kama vile mashimo ya mchanga na ya matofali yaliyojaa mvua, kuliko maji yaendayo kwa nguvu. Dawa iko, na hospitali huitoa. Lakini ikiwa watu wataendelea kujisaidia karibu na maji, aliyepona ataambukizwa tena.

Je, watoto wapigwe marufuku? Wazazi wengine hufanya hivyo, na fimbo hutumika. Lakini mtoto aliyekatazwa haachi maji. Huenda kuogelea kwa siri, mbali, na pengine peke yake, mahali ambapo hata akipiga kelele hasikiwi. Wala mto haukwepeki kwa watu wanaouvuka, wanaochota maji yake na kufua nguo kando yake. Msichana anayetumwa maji kila siku anahitaji kujua kuogelea sawa na kaka yake.

Lililo bora ni wakubwa kuutangulia mto. Kabla ya kila likizo, hasa ile ya Aprili ambayo huja na mvua kubwa, watu wazima wawili au watatu waende na mti mrefu, wapime chini ya maji mahali watoto waendapo, na wasimike kijiti penye shimo. Mvua ikipita wapime tena. Wachimba mchanga nao waonyeshe walipochimba, kwa kuwa wao ndio wajuao. Na watoto wafundishwe mambo machache: kutoogelea peke yao, kutojirusha kichwa mbele, na kutoka mara maji yanapobadilika rangi au kuanza kupanda.

Mtu akizama, asiyejua kuogelea asimrukie, maana mfa maji haishi kutapatapa, naye humshika mwokozi wake wakazama wote wawili. Anyoshewe mti, arushiwe kamba au debe tupu la plastiki lililofungwa kizibo. Akitolewa hapumui, asining'inizwe kichwa chini. Alazwe chali, apuliziwe pumzi mdomoni na kubonyezwa kifua bila kukawia, huku wengine wakitafuta gari. Hata akizinduka apelekwe hospitali.

Wazee wa zamani waliwarithisha watoto wao mto pamoja na habari zake. Mto bado uko, na watoto bado wanauendea kila jua likiwa kali. Kilichopungua ni habari, na hizo hazinunuliwi dukani. Zapatikana kwa mti mrefu, na kwa mtu mzima aliye tayari kulowa miguu.