Ahadi ya Uzeeni na Mlipaji Wake

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi, Bumbuli



Desturi ya siku kama ya leo ni katibu kusimama na kusoma idadi ya kilo zilizopimwa na fedha zilizolipwa. Hesabu hizo mmekwisha kugawiwa kwa maandishi, na kila mwenye macho atajisomea. Kwa idhini yako, Bwana Mwenyekiti, muda wangu nitautumia kwa jambo ambalo wazee wamelileta mbele ya Halmashauri, na ambalo mchana huu litapigiwa kura. Wazee wameomba Chama kiwalipe kila mwezi wanachama wote waliotimiza miaka 70, na fedha hizo zikatwe katika kila kilo ya majani mabichi ya chai. Vijana wamejibu kwamba wao hawakumwahidi mtu kitu, na kwamba chai yao hailipi hata gharama ya mbolea. Pande zote mbili zimesema kwa uchungu, na kila upande una haki kuliko upande wa pili unavyodhani.

Jambo hili halikuzaliwa Bumbuli. Wakubwa kuliko sisi wamelihangaikia, na yafaa tuone walivyofanya kabla ya kuinua mikono.

Tuanze na ndugu zetu wenye mishahara, ambao wakulima hupenda kuwaonea kijicho. Zamani pensheni ya mtumishi wa Serikali ilitoka moja kwa moja Hazina, wala yeye mwenyewe hakukatwa kitu. Mwaka 1999 ikatungwa sheria iliyounda mfuko wa PSPF, na tangu Julai ya mwaka ule watumishi wakaanza kuchangia. Lakini walikuwapo waliokwisha kutumikia miaka 15, miaka 20, miaka 25. Miaka yao yote ya utumishi ilihesabiwa katika pensheni, na ilikuwa haki ihesabiwe. Ila mfukoni haikuwamo senti moja ya miaka ile. Serikali ilikubali kwamba deni ni lake. Malipo yakachelewa, watumishi wakazidi kustaafu, na mfuko ukawalipa kwa fedha iliyokatwa kwa walimu na wauguzi vijana ili iwafae wao watakapozeeka. Mwezi Agosti 2018 mfuko huo uliunganishwa na mingine mitatu, yaani PPF, LAPF na GEPF, ikawa PSSSF, na deni likahama pamoja na samani. Desemba 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Hilo ni jema. Lakini hatifungani si noti. Ni hati ya kuahidi kwamba fedha italetwa baadaye, na atakayeileta ni mlipa kodi wa miaka ijayo, akiwamo mkulima wa Mgwashi anunuapo sabuni.

Tena kuna hesabu nyingine ambayo wachache huifanya. Mtumishi wa Serikali hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 15. Pensheni yake haihesabiwi kwa mshahara wa maisha yake yote. Huhesabiwa kwa wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mnono. Tuseme mwalimu ametumikia miaka 30, yaani miezi 360, na mwishoni mshahara wake ni shilingi milioni moja. Kanuni hugawa miezi hiyo kwa 580, na jawabu ni kiasi cha asilimia 62 ya mshahara huo. Basi anastahili kama shilingi 620,000 kwa mwezi kabla ya kuondoa sehemu ya mkupuo. Michango yake ya miaka ya mwanzo, alipokuwa akilipwa kidogo, ilikuwa midogo vilevile. Pengo hilo hulijaza faida ya uwekezaji au hulijaza kijana anayekatwa leo. Njia ya tatu siioni.

Ndiyo maana mwaka 2018 kanuni mpya zilipotaka mkupuo wa kustaafu uwe asilimia 25 kwa wote, hali baadhi walikuwa wamezoea asilimia 50, nchi ilitikisika. Desemba 28 mwaka ule Rais Magufuli aliamuru kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Baadaye wakakutana Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, wakakubaliana asilimia 33 kuanzia Julai 2022. Na katika bajeti ya mwaka 2024/25 waliokuwa na 50 wakapandishwa hadi 40. Mimi siwalaumu wastaafu kwa kupiga kelele. Mtu aliyefanya hesabu ya nyumba yake kwa asilimia 50 halafu akaambiwa 25 siku ya kuaga ofisi amedhulumiwa, hata kama aliyemwambia alikuwa na sababu. Ila ajuaye kuhesabu anaona kwamba kila kinachoongezwa kwa anayetoka leo kina mtu wa kukilipia, na mtu huyo hakuwamo mkutanoni.

Sasa natelemka karibu na nyumbani. Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 kwa ugomvi kati ya wakulima na mwekezaji, na mnakumbuka majani yalivyokomaa mashambani hadi michai ikawa miti. Kiwanda kilipofufuliwa mwaka 2022, fedha zilitoka katika PSSSF na katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tafakarini jambo hilo, ndugu zangu. Akiba ya uzeeni ya mwalimu wa Tanga na mganga wa Songea imeingia katika mitambo inayonyausha majani ya mama wa Mponde. Mwalimu yule atapata faida iwapo mama huyu atachuma, tena vizuri, majani mawili na chipukizi. Na mama mwenyewe akifika miaka 70, mgongo umepinda kwa kikapu, hana mfuko unaomjua kwa jina. Sisemi kuwekeza Mponde kulikuwa kosa. Bila ya fedha ile tungalikuwa tunafyeka michai tupande maharage. Nasema tu kwamba mkulima wa milima hii amekwisha kuingizwa katika mambo ya pensheni kwa mlango wa uani: anaisaidia ilipwe, yeye halipwi.

Wako watakaouliza kwa nini tusiiachie Serikali. Zanzibar imefanya hivyo. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya Serikali, bila ya kuulizwa alichangia nini, na mwaka 2023 zikawa 50,000. Kenya nayo ilifungua mlango kama huo mwaka 2018 kwa wenye miaka 70, shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Naipenda njia hii, maana haimtengi mchumaji chai na karani. Lakini Zanzibar ilihesabiwa watu wasiofika milioni mbili katika sensa ya 2022, na Bara karibu milioni 60. Kwa kila wazee milioni moja, shilingi 50,000 za mwezi ni shilingi bilioni 600 kwa mwaka. Haishindikani, barabara hugharimu zaidi. Ila si jambo la kungojea chini ya mti, na wazee wa Bumbuli wenye miaka 75 hawana muda wa kungoja.

Nirudi kwenye hoja iliyo mbele yetu.

Vijana wanasema wazee hawakuchangia. Hapo nawapinga, ingawa kwa umri mimi ni wa upande wao. Mchai ukitunzwa huchumwa miaka 50 na zaidi. Shina ambalo kijana anachuma leo alilipanda nani? Nani alichimba matuta kwenye miteremko hii, akabeba miche kichwani, akangoja miaka mitatu au minne kabla ya kuona jani la kuuza? Yule mtumishi wa kabla ya 1999 hakuwa na mchango mfukoni, lakini alikuwa amefundisha. Na mzee huyu hana kitabu cha akiba, lakini amepanda. Kusema hana kitu ni kusoma daftari upande mmoja.

Wazee nao wanataka kila kilo ikatwe kwa ajili yao, mwezi kwa mwezi, bila ya kikomo. Hapo nawapinga wao, kwa heshima zote. Mkikubaliwa leo, kijana wa miaka 25 atalipa kwa miaka 45 akitumaini kwamba watoto ambao hajawazaa watakubali kumlipa yeye. Huenda watoto hao wakahamia Dar es Salaam, wala wasione jani la chai ila kikombeni. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu wa reli, bandari, posta na ndege, walikuwa na ahadi ya serikali tatu. Jumuiya ilivunjika 1977, na wale wa Tanzania, zaidi ya 31,000, walifikia mapatano ya malipo Septemba 2005, baada ya miaka 28. Wengi walizikwa wakiwa na madai mkononi. Ikiwa serikali tatu zilishindwa kuibeba ahadi, Chama chenye mizani na ghala kisijivike kilemba hicho.

Kwa hiyo Halmashauri inapendekeza hivi. Wazee wa sasa walipwe kutoka ziada ya Chama, baada ya kutenga akiba zote zinazotakiwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na kiasi kiamuliwe na Mkutano Mkuu kila mwaka kwa kadiri ya kilichopatikana. Mwaka wa ukame kitapungua, nanyi wazee mtaambiwa mapema. Wanachama wengine wakatwe shilingi 20 kwa kilo, na fedha hiyo iandikwe kwa jina la mkatwaji, isichanganywe na ya mtu mwingine wala isikopeshwe kununulia gari la Chama.

Nisiwadanganye kuhusu ukubwa wake. Anayepima kilo 150 kwa mwezi ataweka shilingi 3,000, na kwa miaka 30 ni shilingi 1,080,000 kabla ya faida. Ukizigawa kwa miaka 15 ya uzee ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Hazitoshi, tena thamani ya shilingi hushuka. Kwa sababu hiyo tunataka zisilale katika sanduku letu. Zipelekwe katika mfuko wa taifa, NSSF, ambao hupokea pia waliojiajiri, na kila mwenye uwezo aongeze vya kwake baada ya kuuza viazi na kabichi.

Liko jambo moja ambalo wazee wanaume hawakulitia katika barua yao. Namba ya mwanachama mizanini mara nyingi ni ya mume, na mchumaji ni mke. Tukiandika akiba kwa namba, mama atachuma miaka 40 na akiba itakuwa ya mwingine, ambaye kwa kawaida hufa mbele yake na ndugu zake hufika na mikoba. Halmashauri inataka jina la mchumaji liandikwe kando ya namba, na nusu ya makato iwe yake. Najua baadhi yenu mmeguna. Mguno huo karani ameusikia, nao hauhesabiwi kuwa kura.

Makarani wa vyama vya msingi wanaombwa kuleta madaftari yao mezani sasa, ili majina ya waliotimiza miaka 70 yasomwe hadharani na kuthibitishwa na majirani kabla ya kura kupigwa. Baada ya hapo, Bwana Mwenyekiti, uamuzi ni wa Mkutano.