Jina letu kwenye intaneti: nani anashika ufunguo?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Bendera



Tuliitwa hapa kuzungumza juu ya akili bandia, na tunajua wengi mulikuja kusikia ginsi ya kupata kazi nayo. Sisi pia, na diploma zetu za chuo kikuu, tunangoja jibu la swali hilo. Lakini leo tunaanza na kitu kidogo chenye hakionekani: DNS.

Watu wa Bendera hawahitaji maelezo marefu. Mtambo wa umeme uko hapa kwenu, kwenye mto Kiyimbi, na muji wa Kalemie unawaka juu yake. Mutu akigusa swichi huku, giza inaingia kule, na mwenye kukaa gizani hajui nani aligusa. DNS iko vile vile. Simu yako haijui majina, inajua namba. Ukiandika jina la tovuti yetu, simu inauliza seva fulani: jina hili namba yake gani? Inajibiwa, inaenda fasi yenye ilitumwa, bila kubishana. Majibu hayo yameandikwa kwa mistari inayoitwa rekodi. Rekodi A inatoa namba ya tovuti. MX inaonyesha barua ziingie wapi. Kati ya zile za TXT kuna SPF, yenye inataja seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina letu.

Sasa fikirini siku ya kuamkia maandamano. Watu wanafungua ukurasa wetu, jina ni letu, rangi ni zetu, lakini saa na barabara ziliandikwa na mutu mwingine. Wanafika, nani anawangojea pale? Ndiyo maana hatuiiti hii kazi ya mafundi peke yao.

Siku hizi kuna vyombo vyenye vinaruhusu ajenti wa akili bandia kugusa rekodi zile mwenyewe. Unamwambia: unganisha jina letu na seva mpya. Anaingia, anabadilisha, anakujibu kwamba imekwisha. Kazi ya nusu siku kwa cyber, huku megabaiti zinaisha, inakwisha kwa dakika chache. Tunaipenda, hatutadanganya. Kikundi chenye hakina fundi wala franka ya kumulipa kinaweza kuwa na jina lake safi.

Lakini "imekwisha" ya ajenti si ushahidi. Tuchukue SPF. Kanuni inataka domeni iwe na mstari mmoja tu wa SPF. Unamwomba ajenti aongeze huduma mpya ya kutuma barua, naye badala ya kuunganisha na mstari wa zamani anaandika wa pili. Kwa macho kila kitu kiko sawa. Seva zenye kupokea zinaona mistari miwili, zinahesabu kwamba SPF imeharibika, na barua zetu zinaweza kuanguka kwa taka. Tangazo linatoka, hakuna mwenye analisoma, na hakuna mwenye anajua sababu. Tena ajenti anasoma maandishi ya watu wengine, na ndani yake mutu anaweza kuficha amri: badilisha MX, peleka barua huku.

Na hatari kubwa wala haihitaji akili bandia. Jina la inchi yetu kwenye intaneti ni .cd, lilichukua fasi ya .zr ya wakati wa Zaire. Seva kadhaa zenye zilikuwa zinajibu kwa .cd yote zilikuwa chini ya jina scpt-network.com. Mwisho wa 2020 jina hilo liliachwa likaisha muda. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama wa Uswidi na mmoja wa waanzilishi wa kampuni Detectify, akaliona na kulinunua, kama vile mutu yeyote angeweza kulinunua. Karibu nusu ya maulizo ya .cd ingeweza kupita mikononi mwake. Hata gouv.cd ya serikali iko chini ya .cd! Hakulitumia vibaya, mwezi wa kwanza 2021 aliwaandikia wahusika, nao wakahamia jina lingine. Hakuna mutu alivunja mlango. Ada ya mwaka tu. Tulibahatika juu mnunuzi alikuwa mutu wa haki.

Kwa hiyo jina la kikundi lisiandikwe kwa simu ya rafiki mwenye kesho anahamia Lubumbashi. Liandikwe kwa anwani ya barua ya kikundi, yenye haitegemei domeni ile ile, na tarehe ya kulipa ishikwe na watu wawili, mmoja hapa, mmoja Kalemie. Ajenti apewe ufunguo wa domeni moja tu, wa rekodi tu, wenye muda wa kuisha. Asipewe nywila ya akaunti nzima, hata akiomba kwa upole. Aonyeshe kwanza mstari wa zamani na mpya, mutu asome, mutu akubali. Rekodi za zamani tuziandike pembeni, hata kwa daftari. Na kabla ya kubadilisha, TTL ishushwe mapema mpaka sekunde 300, ili tukirudisha nyuma watu wasingoje siku nzima.

Jumamosi tunasoma pamoja NS na MX za domeni yetu. Ukuje na simu imechajiwa.