Mkate Wenye Siri Tumboni



Wamisri huuita mkate "aish", neno lenye maana ya maisha. Leo tuzungumze juu ya mkate wao mmoja unaotiwa nyama tumboni, uitwao hawawshi. Inasimuliwa mjini Cairo kwamba jina hilo limetokana na mwenye bucha mmoja, Ahmed al-Hawawsh, wa miaka ya 1970. Mkate wa duara hupasuliwa ubavuni, hujazwa nyama mbichi ya kusaga yenye vitunguu na viungo, kisha huokwa mpaka mafuta ya nyama yauingie na ganda likauke.

Ni mtamu, hilo halina ubishi. Lakini Wamisri wenyewe huutania: huulizana kama aliyemo ndani ni ng'ombe au ni punda. Utani huo una sababu. Nyama iliyosagwa haina sura, viungo huficha harufu, na mkate hufunika yote. Sisi tunaita kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Dawa yake ni kuupika nyumbani. Nenda buchani, chagua nyama ikiwa bado kipande kizima, yenye mafuta kidogo, halafu isagwe mbele ya macho yako. Nusu kilo inatosha mikate minne, na kila mkate ukikatwa katikati, watu wanane wamepata.

Katakata vitunguu viwili na uvikamue maji, ama sivyo mkate utalowa. Changanya na nyama, pilipili hoho, pilipili kali moja, chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba na mdalasini kidogo. Itandaze ndani ya mkate, isizidi unene wa kidole. Paka mafuta juu, funga kwa karatasi ya foili, uoke kwa nusu saa katika moto wa nyuzi 200. Dakika tano za mwisho fungua foili, ganda likauke. Asiye na oveni apalie makaa juu ya mfuniko wa sufuria, kama afanyavyo kwa mkate wa kumimina.

Hapo, ndugu msikilizaji, usiwe na haraka. Nyama ikiwa kipande, vijidudu kwa kawaida hukaa juu yake. Ikisagwa, huingia mpaka katikati. Kwa hiyo kata mkate mmoja utazame. Ukiona wekundu, rudisha motoni.

Siku hizi sote tunauliza bei ya chakula, na ni haki yetu. Wachache tunauliza kilichomo. Kama kweli mkate ni maisha, basi mtoto akikuuliza mezani, "Mama, humu ndani mna nini?", mpe jibu unalolijua, si la kukisia.