Njia ya Ubingwa wa Meno ya Wanyama: Kutoka Mabuki hadi Bodi za Kimataifa

Mada iliyowasilishwa kwa vijana wa sekondari, wazazi na wafugaji



Siku ya mnada, katika vijiji vya ukanda huu wa Ziwa Victoria, mnunuzi mzoefu hataji bei kabla ya kumfungua ng'ombe mdomo. Hutazama meno ya mbele ya taya la chini, kwa kuwa taya la juu la ng'ombe halina meno ya mbele. Mahali pake pana ufizi mgumu. Chini yapo meno 8, nayo hubadilika kwa jozi. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani hutoka ng'ombe anapokaribia umri wa miaka 2, na ya mwisho hutoka akiwa na miaka 4 hivi. Ndipo husemwa kuwa huyu ana meno mawili, yule ana manne, mwingine ana sita, na huyu kinywa kimejaa. Mfugaji ambaye hakukaa darasani anaijua elimu hiyo barabara. Lakini akiulizwa ni nani atakayemtibu mnyama wake siku gego likioza au taya likivimba, hunyamaza. Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya ukimya huo.

Madhara ya ukimya huo huonekana kwanza kwa punda. Punda ndiye abebaye maji, kuni, magunia ya mpunga na mazao ya pamba katika kaya nyingi zisizo na gari. Magego yake huendelea kusukumwa nje ya ufizi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, huku yakisagika kwa kutafuna. Kwa kuwa taya lake la juu ni pana kuliko la chini, usagaji huo hauwi sawa: kingo kali hubaki upande wa nje wa magego ya juu na upande wa ndani wa magego ya chini. Kingo hizo hukata shavu na ulimi. Mnyama huanza kudondosha mafundo ya majani yaliyotafunwa nusu, hutafuna kwa upande mmoja, mdomo hutoa harufu, kisha mbavu huanza kuhesabika. Mwenye punda hudhani ni minyoo, akanunua dawa ya minyoo. Isipofaa, hudhani ni uvivu, akaongeza fimbo. Kumbe kilichohitajika ni mtaalamu mwenye kifaa cha kufungulia kinywa na tupa ya meno, akague angalau mara moja kwa mwaka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Punda hafichi, ila hana kinywa cha kusemea.

Kwa mbwa na paka, tatizo lililo kubwa zaidi ni ugonjwa wa ufizi. Mbwa mzima ana meno 42 na paka ana 30. Ukoga ukigandamana juu ya meno hayo, ufizi huvimba, mfupa unaoshikilia jino huliwa, na jino hulegea. Kusugua ukoga unaoonekana kwa macho hakutoshi, kwa maana ugonjwa wenyewe umejificha chini ya ufizi. Kazi kamili huhitaji nusukaputi, picha ya eksirei na mkono uliofunzwa.

Hapa lipo jambo ambalo kila kijana anayeitamani kazi hii lazima alijue kabla ya yote. Mbwa anayedondosha mate na kushindwa kumeza huonekana kama aliyekwamwa na mfupa. Paka wa mwaloni, aliyezoea mifupa ya sangara, huonekana hivyo hivyo. Huenda kweli ni mfupa; lakini huenda ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifoni. Mtu asitie mkono wake katika kinywa cha mnyama wa namna hiyo. Amtenge, amwite Afisa Mifugo; na aliyekwisha kung'atwa au kuguswa na mate penye jeraha aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Ng'ombe au mbuzi mwenye mate mengi na vidonda mdomoni naye huenda hana tatizo la meno hata kidogo, bali ana ugonjwa wa miguu na midomo, au sotoka ya mbuzi na kondoo. Kwa sababu hiyo, fundi wa meno asiyejua mwili mzima wa mnyama ni hatari kwa mnyama, kwa kijiji na kwa nafsi yake.

Ndiyo maana hakuna njia ya mkato ya kufika katika ubingwa huu. Safari yake inafanana na kinywa cha ng'ombe: jozi hutoka moja baada ya nyingine, wala ya mwisho haitangulii ya kwanza.

Meno mawili ya safari hii ni msingi wa shule na cheti. Kijana anayemaliza Kidato cha Nne hana haja ya kwenda mbali kutafuta mlango. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, yaani LITA, una kampasi Mabuki, wilayani Misungwi, katika mkoa huu huu wa Mwanza. Kampasi nyingine ya Kanda ya Ziwa ipo Kikulula, mkoani Kagera. Mafunzo ya afya ya mifugo na uzalishaji hupangwa kwa ngazi za Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Ngazi ya 4 na ya 5 ni za astashahada, na ya 6 ni ya stashahada. Kila ngazi huchukua mwaka 1. Masomo ya sayansi, hasa Baiolojia na Kemia, ndiyo ufunguo, na vigezo kamili vya kila mwaka hutangazwa katika mwongozo wa udahili. Mwenye stashahada anakuwa msaidizi wa taaluma ya veterinari. Hapo bado si daktari, lakini anajua kumkamata mnyama bila kumuumiza, kusoma umri kwa meno, kutambua dalili za maradhi na kutoa taarifa panapostahili. Kijana mwenye ufaulu mzuri anaweza pia kuchagua Kidato cha Tano na cha Sita katika mchepuo wenye Kemia na Baiolojia, akaelekea chuo kikuu moja kwa moja.

Meno manne ni shahada. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984 mjini Morogoro, hutoa Shahada ya Tiba ya Wanyama kwa muda wa miaka 5. Mwenye stashahada yenye alama nzuri anaweza kuomba nafasi, sawa na aliyetoka Kidato cha Sita. Mwanafunzi husoma maumbile ya mwili, magonjwa, dawa, upasuaji, ukaguzi wa nyama na afya ya jamii. Tiba ya kinywa hufundishwa ndani ya masomo hayo, haikutengwa kuwa shahada yake peke yake. Majirani nao wana milango: Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala, na Chuo Kikuu cha Nairobi katika kampasi yake ya Kabete. Daktari wa meno ya binadamu, hata awe hodari namna gani, hawi daktari wa meno ya ng'ombe kwa cheti chake. Shahada ya tiba ya wanyama haina mbadala.

Meno sita ni usajili na uzoefu. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania. Mhitimu wa shahada husajiliwa na Baraza hilo ndipo aruhusiwe kufanya kazi ya daktari wa wanyama, na wasaidizi wa taaluma nao huandikishwa au kuorodheshwa kwa mujibu wa ngazi zao. Baada ya usajili inafaa daktari afanye kazi ya jumla, iwe serikalini, katika kliniki binafsi au katika hospitali ya wanyama, akiwa chini ya macho ya waliomtangulia. Anayetaka kuelemea upande wa kinywa anaweza kujiendeleza kwa shahada ya uzamili katika upasuaji. Akitaka kufungua chumba cha eksirei, atalazimika kufuata pia masharti ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, kwa kuwa mionzi haitofautishi kati ya mgonjwa na tabibu.

Kinywa kilichojaa ni ubingwa wenyewe. Bodi zinazojulikana zaidi duniani kwa fani hii ni mbili: ile ya Marekani, iitwayo AVDC, iliyoanzishwa mwaka 1988, na ile ya Ulaya, iitwayo EVDC, iliyoanzishwa mwaka 1998. Ingawa huitwa vyuo, hazina madarasa wala mabweni. Kazi yake ni kuweka viwango, kuidhinisha mafunzo na kutahini. Daktari huishi katika hospitali ya mafunzo kwa miaka 3 hivi chini ya bingwa anayemsimamia, akitunza kumbukumbu ya kila mgonjwa aliyemhudumia: meno yaliyong'olewa, mizizi iliyotibiwa, mataya yaliyounganishwa, uvimbe ulioondolewa. Kisha hukaa mtihani. Kabla ya hapo hutakiwa awe amefanya kazi ya tiba ya jumla kwa mwaka 1 au zaidi. Bodi zote mbili zina mkondo wa wanyama wa jamii ya farasi, na punda ni mmoja wao. Anayekusudia Marekani ajue kuwa mhitimu wa chuo kisicho na ithibati ya chama cha madaktari wa wanyama cha huko hupitia mitihani ya kulinganisha elimu yake kabla ya kupewa leseni.

Hesabu yake ni hii. Anayepitia Kidato cha Sita hutumia miaka 2 ya sekondari ya juu, miaka 5 ya shahada, mwaka 1 wa uzoefu na miaka 3 ya ubingwa, jumla 11. Anayepitia Mabuki huongeza mwaka 1, jumla 12. Ndama atakayezaliwa siku kijana huyo anapoanza masomo atajaza kinywa, atazeeka na meno yatasagika kabla mwenyewe hajaitwa bingwa. Mzazi anayeuza ng'ombe ili kulipa ada anastahili kuelezwa hivyo waziwazi kabla hajaitoa kamba zizini.

Anastahili pia kuelezwa upande wa pili. Kila jozi inayotoka inatafuna. Aliyeishia kwenye stashahada ana kazi ya kufanya kijijini. Aliyeishia kwenye shahada ni daktari kamili. Na daktari wa kawaida aliyejinunulia vifaa vya kinywa cha punda na kujifunza kuvitumia kwa usahihi ataokoa wanyama wengi kuliko bingwa aliyebaki ughaibuni. Anayesimama njiani hajapotea. Aliyepotea ni yule anayekwepa njia.

Wapo watu wanaozunguka vijijini na koleo na sindano, wakijiita madaktari kwa cheti cha semina ya siku chache. Hung'oa jino bila ganzi, huvunja mzizi na kuuacha ndani, hudunga dawa za usaha bila kipimo, wala hawamwambii mwenye ng'ombe kuwa maziwa na nyama havitumiki hadi siku za dawa zipite. Dawa ikitumiwa ovyo, vijidudu huizoea, na siku mtoto wa kaya hiyo akiugua, dawa ile ile haitamsaidia. Kumuuliza mtoa huduma namba yake ya usajili si utovu wa adabu. Mfugaji ana haki ya kuuliza, na mtaalamu wa kweli hujibu bila kukunja uso. Mwenye shaka aende kwa Afisa Mifugo wa Kata au kwa Daktari wa Mifugo wa Wilaya.

Kuhusu gharama, mlango haujafungwa kwa asiye na zizi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea maombi ya wanafunzi wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo hiyo imefika pia katika baadhi ya fani za stashahada, zikiwamo za kilimo na mifugo. Mwombaji aandae mapema cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na taarifa za wadhamini, kwani wengi hukosa si kwa kutostahili bali kwa karatasi moja iliyochelewa.

Kwa wasichana, yapo maneno yasemwayo kuwa kazi hii inataka misuli. Punda hashindwi kwa misuli, hata ya mwanamume. Hutulizwa kwa dawa, kwa kamba iliyofungwa vizuri na kwa sauti isiyo na pupa. Darasa la Mabuki na la Morogoro linawapokea wote.

Mwisho, wazee waliozoea kufungua vinywa mnadani wanaombwa jambo dogo. Wawaite vijana wao, wawaonyeshe jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na wawaeleze kila moja inamaanisha nini. Safari ya miaka 11 inaweza kuanzia hapo, katika vumbi la mnada, mkono ukiwa umeshika taya la ng'ombe.