Bao Lisibaki kwa Wazee Pekee



Hapa Lamu, bao si mchezo wa kupitisha jioni tu. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hizo 22 huingia moja moja. Hiyo ndiyo namu. Zikiisha, huanza mtaji. Safu yako ya mbele ikibaki tupu, umefungwa.

Hesabu yote hufanywa kichwani, na ujuzi huu hupokewa kwa kuketi kando ya mzee na kutazama. Barazani wakibaki wazee peke yao, wataondoka nao.

Tamasha la Utamaduni la Lamu lina mashindano ya bao, lakini bingwa hapatikani kwa siku moja. Mwanzo ni bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, bila namu. Wazee, mkaribisheni mtoto ubaoni, wa kike na wa kiume. Vijana, ketini mtazame, kisha mcheze.